Gia ya Mbooni

Al Quoz
5 Desemba 2024

Dada Martina,

Salamu sana. Nimeandika kwenye daftari nikapiga picha kama ulivyoagiza, maana kukupigia simu haiwezekani. Ule mnong'ono wako wa jikoni unanitia wasiwasi kuliko habari zenyewe. Ukishasoma futa, Madam asije akaiona.

Kazi ya bosi wako, Sir Thamer, nimemaliza jana. Kigari chake kiko tayari kuvutwa na gari-nyumba lao, lile la kulala safarini. Nilitoa bampa ya mbele nikafunga chuma kwenye fremu kwa bolti nne, nikazikaza mpaka bega likalia. Hapo ndipo unaponasa ule mkono wa pembetatu unaotoka nyuma ya gari-nyumba. Chini yake nimeweka minyororo miwili iliyopishana, ili mkono ukichomoka kigari kisiende zake kuua watu. Nyaya za taa nazo nimezipitisha. Sir akikanyaga breki kule mbele, taa za kigari zinawaka huku nyuma. Kitafuata na magurudumu yake yote manne chini, kama mbuzi wa kamba. Mambo mengine ya ndani, ya kufanya kabla ya kuondoka, nimemwandikia Sir kwa Kiingereza nikabandika kwenye dashibodi.

Sasa ukweli, na usiutoe mdomoni. Wewe ulimwambia Sir kazi hii nimefanya mara nyingi. Nyingi wapi, dada? Hii ndiyo ya kwanza maishani. Nimejifunza kwa video siku tatu, simu ikiwa imeegemea kopo la grisi, Zedekiya akinicheka. Unamkumbuka Zedekiya, yule Mganda tunayefanya naye kazi. Anasema nimekuwa daktari wa kupasua watu huku nikisoma kitabu.

Tena leo arbab, mwenye gereji, ametuita wote. Gereji anaifunga. Visa yangu inaisha tarehe kumi na nne Januari na hataiongeza. Khalas, basi imekwisha. Alisema hivyo tu, akaenda kula. Kwa hiyo Sir akitimiza ile ahadi yake kwangu, nabaki Dubai. Asipotimiza, narudi nyumbani kumwambia Baba nini? Tangu mchana nimezunguka hii gereji nikishika spana na kuiweka chini. Nikikaa, miguu inataka kusimama.

Mdogo wako,
Japhet


Al Barsha
7 Desemba

Japhet,

Wewe! Ulitaka nimwambie nini? "Sir, ndugu yangu hajawahi, lakini ana roho nzuri"? Wacha zako. Nilikubeba mgongoni Mbooni nzima ukinikojolea, na hili pia nitalibeba.

Habari ya gereji imenikata maini. Lakini sikiliza. Jana Sir alirudia mbele ya Madam: kigari kikienda na kurudi salama, atakuchukua kwenye kampuni yake na kukuandikia visa. Ana marafiki wanne wenye magari-nyumba, na wote wanataka vigari vyao viwekwe hivyohivyo. Hiyo ni kazi, sio kibarua. Kwa hivyo tulia. Najua hutatulia, lakini angalau kula.

Tunaondoka tarehe kumi na mbili. Kwanza Hatta, halafu Fujairah, tunarudi ishirini na mbili. Sir, Madam, watoto wawili na mimi. Mimi nalala juu ya meza. Usicheke, ni meza ya kukunjua. Gari-nyumba haliingii njia ndogo, kwa hivyo tukifika, kigari kinafunguliwa na mimi ndiye dereva wa kwenda dukani na kuwatembeza watoto. Mimi! Mtihani wa leseni nilianguka mara tatu, ukasema niache kupoteza nguvu, nikapita ya nne. Majuzi Madam amenikabidhi funguo watoto wakiwa wameniangalia, nikajiona nimekuwa mrefu.

Omba. Na usimwambie mtu mwingine hiyo habari ya video.

Dadako,
Martina


Hatta
14 Desemba

Japhet,

Kimefika! Haki ya Mungu kimefika, hakuna hata bolti iliyolegea. Njiani Sir alishuka mara tatu kukagua. Kila mara aligonga kile chuma chako kwa kiatu akasema mumtaz, mumtaz, yaani safi sana. Jana amempigia rafiki yake mmoja simu na nimemsikia akisema "fundi wangu". Wake! Umesikia?

Mimi niko sawa ila humu ndani hakuna nafasi ya kupumua. Ukinyoosha mkono umemgusa mtu. Madam anataka nipite, mtoto anataka nisimame, Sir anatafuta chaja, na chaja iko chini yangu. Nikipata dakika natoka nakaa kwenye kigari peke yangu, nafunga mlango, nashika usukani bila kwenda mahali.

Hapa ni milima, Japhet. Mawe matupu, hakuna hata jani, lakini ni milima. Nimepanda na kushuka na watoto nikimkumbuka Baba na ile pikapu yake isiyo na breki. Nikiegesha tu, gia ndani, namsikia akiniuliza, "Jiwe umeweka?" Watoto wakaniuliza nacheka nini.

Tunatoka hapa kesho kutwa.

Martina


Al Quoz
15 Desemba

Dada,

Picha yako nimeisoma mara sita. Zedekiya ameniambia nitaimaliza wino. "Fundi wangu!" Nimeyatembeza maneno hayo gereji nzima kama mjinga.

Hapa watu wanaondoka mmoja mmoja. Zedekiya mwenyewe amepata ulinzi Rashidiya, anaanza wiki ijayo. Mashine mbili zimeuzwa. Mimi nafagia mahali palipofagiliwa. Wasiwasi umebadilika tu, haujaisha: sasa naogopa kufurahi. Nikianza kufikiria kwamba nimebaki, najikanya.

Mkitoka huko niandikie. Hata neno moja tu, "tumefika", linatosha.

Japhet


Fujairah
17 Desemba

Japhet,

Kigari kimekufa.

Jana asubuhi tulitoka Hatta. Tulikuwa tumeenda kama dakika kumi na tano, lori likatupita likipiga honi, dereva anaonyesha nyuma kwa mkono. Sir akasimama. Moshi, na harufu mbaya ya kuungua. Mimi ndiye niliyeshuka kwanza nikakimbia. Sir akaja, akajaribu kuwasha, injini haishiki kabisa. Anasema fundi amekiharibu. Anasema, si ulisema amefanya nyingi? Madam haniongeleshi.

Kigari kimeachwa kwenye yadi moja Hatta, kitaletwa Dubai kwa lori tukirudi. Usimpigie Sir sasa hivi. Wananiita.

Martina


Al Quoz
18 Desemba

Dada,

Jana sijui nilikula nini wala kama nilikula. Nimeangalia zile video zote tena. Nimechora kila kitu kwenye karatasi, bolti kwa bolti, nikitafuta mahali nilipokosea. Chuma hakiwezi kuunguza injini. Nyaya za taa haziwezi. Minyororo haiwezi. Breki ya mkono ingebaki juu, magurudumu ndiyo yangeungua, injini isingeguswa.

Kuna kitu kimoja tu kinachoua injini namna hiyo. Kigari cha gia za mkono kikivutwa, gia lazima iwe fri, isiwe imeingia popote. Ikiwa imeingia, magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu, na gari-nyumba halijui, linavuta tu. Nilimwandikia Sir hilo kwenye karatasi, mstari wa kwanza kabisa. Na Sir ni injinia, anasoma mistari.

Wewe ndiye uliyefika kwanza. Uliona gia ilikuwa wapi? Nijibu hili tu. Nimetembea kutoka gereji mpaka barabara ya mabasi na kurudi, mara sijui ngapi, na jibu silipati.

Japhet


Al Quoz
20 Desemba

Dada,

Siku mbili hujajibu. Wewe, ambaye hata nikikohoa unaandika kurasa tatu.

Basi sikuulizi tena. Nimeelewa. Sir hakuzaliwa mlimani, hana sababu ya kuingiza gia kwenye gari lililosimama. Watu wa kufanya hivyo bila hata kujua kwamba wamefanya ni wawili tu, na mmoja alikuwa huku Al Quoz.

Sina hasira. Ninachojua ni kwamba una mkataba, una chumba, na watoto wale wanakupenda, na huwezi kupoteza vyote kwa sababu ya gia. Mimi nilikuwa naondoka hata hivyo. Kwa hiyo leo asubuhi nimemtumia Sir barua kwa Kiingereza, nimeweka jina langu na sahihi. Nimemwambia nilipokuwa napitisha nyaya za taa nilifungua nyaya za gia, nikazirudisha vibaya, gia ikaingia yenyewe njiani. Simu inaonyesha ameisoma. Hajajibu kitu.

Imekwisha. Nyamaza tu. Usiharibu.

Japhet


Fujairah
20 Desemba

Japhet,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nne nikichana. Asubuhi ile Sir alikuwa amemaliza kila kitu, kigari kimefungwa, tunataka kuondoka. Madam akaniambia viatu vya yule mtoto mdogo vimebaki kwenye kigari. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikainama kuvitafuta. Tulikuwa kwenye mteremko. Nilipotoka, mkono ukafanya kazi yake. Gia ya kwanza. Sikuwaza. Ni kama kufunga kifungo.

Lori lilipopiga honi nilijua kabla Sir hajasimama. Ndiyo maana nilikimbia. Nilifika, nikaona gia iko ndani, nikaitoa. Hapo ndipo mkono haukufanya wenyewe, Japhet. Hapo nilikuwa na akili zangu zote. Sir alipofika akakuta iko fri, akakulaumu wewe, na mimi nikasimama pale bado nimeshika vile viatu vya mtoto.

Niliogopa. Sina neno lingine. Nimekuacha siku nne ukijitafuna. Kesho namwambia Madam, liwe liwalo.

Nisamehe.
Martina


Al Barsha
23 Desemba

Japhet,

Nani alikutuma? Nani alikuomba? Barua zetu zilipishana, na yako kwa Sir ilitangulia. Unajua ulichofanya?

Juzi nilimwambia Madam kila kitu, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika bega. Akasema, "Martina, wewe ni dada mzuri, lakini ndugu yako amekiri kwa maandishi." Kwa maandishi! Nikarudia, akatabasamu. Ukweli wangu umekuwa huruma ya dada, na uongo wako umekuwa na sahihi.

Nilitaka kupiga kelele.

Sasa sikiliza cha jana. Tumerudi, na jioni lori likaleta kigari. Kikashushwa pale nje. Wenye lori wakasukuma, mimi nikaambiwa nishike usukani kukiingiza ndani ya geti. Nikakiingiza, nikashuka, nikafunga mlango. Sir alikuwa amesimama karibu. Akafungua mlango kuchukua karatasi zake. Akaniita nije niangalie. Gia ilikuwa ndani, Japhet. Gari limekufa, liko mahali tambarare kama sahani, na mimi nimeingiza gia! Hata sikumbuki nikifanya.

Akaniuliza, "Kila mara?" Nikasema, kila mara, Sir, tangu nikiwa mtoto.

Nilidhani yameisha. Lakini alikasirika zaidi, na si kwangu. Amesema, "Basi ndugu yako ameniandikia uongo kuhusu gari ambalo watoto wangu wanapanda." Amesema hawezi kuwapelekea marafiki zake fundi ambaye haijulikani lini anasema kweli. Nilimjibu, mara ya kwanza tangu nije nyumba hii: "Sir, mimi nilisema kweli na hamkuniamini."

Hivi ndivyo alivyosema mwishoni. Uandike tena. Jinsi ilivyokuwa, bila kumficha mtu, uweke sahihi. Akishasoma ndipo ataamua juu yako. Juu yangu hajasema lolote, na sikuuliza.

Najua utafanya nini. Utakaa na hiyo kalamu uanze kunipunguza, nusu yangu, nusu yako. Usithubutu. Andika jina langu. Tayari nilikuacha ubebe kitu changu siku nne na sikupata amani hata dakika moja. Usinifanye nikubebeshe tena.

Martina


Al Quoz
24 Desemba

Dada, hii ni ya Sir. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, maana kwa Kiingereza ningepata pa kujificha. Msomee neno kwa neno. Usiruke mahali.

Kwa Sir Thamer,

Mimi ni Japhet Musembi, fundi. Barua niliyokutumia tarehe ishirini ilikuwa ya uongo. Nyaya za gia sikuzigusa.

Kigari kiliingizwa gia na dada yangu Martina, asubuhi mliyotoka Hatta, alipotumwa kuchukua viatu vya mtoto. Mlipogundua, aliitoa kabla hujafika, na hakusema. Hakuingiza gia kwa kukusudia. Kunyamaza alikusudia, kwa sababu ya woga.

Nikueleze ule mkono wake. Kwetu Mbooni hakuna mahali pa kuegesha gari pasipo na mteremko. Nilipokuwa darasa la tatu, Baba aliacha pikapu bila gia akaingia dukani. Ilishuka yenyewe ikaingia jikoni kwa jirani, ikasimama juu ya mafiga. Mama wa nyumba ile alikuwa ametoka kuchota maji. Baba alikaa chini akalia mbele yetu. Baada ya hapo alitufunza sote wawili, kila siku, kwa fimbo: hushuki kwenye gari kabla ya kuingiza gia. Kwa hiyo ule mkono uliua injini yako kwa kitu ambacho kwetu kinaokoa watu.

Kuna uongo mwingine. Uliambiwa nimefanya kazi hii mara nyingi. Ilikuwa ya kwanza. Nilijua ulivyoambiwa, na nikanyamaza kwa sababu niliitaka visa.

Na kuna kosa langu la kazi, ambalo nimelijua nikiandika barua hii. Nilikuandikia wewe maagizo, kwa Kiingereza. Lakini nilijua wazi kwamba atakayeshika kigari kila siku ni dada yangu, na naujua mkono wake kuliko mtu yeyote duniani. Nilimweleza habari za bolti na minyororo kwa maringo. Gia sikumtajia. Ningemwambia neno moja tu, kigari chako kingekuwa kinatembea leo. Fundi anayesahau nani atatumia kazi yake hajamaliza kazi.

Ukitaka kumfukuza mtu kati yetu, naomba niwe mimi. Lakini safari hii siombi kwa uongo.

Japhet Musembi


Al Barsha
26 Desemba

Japhet,

Nimewasomea. Sebuleni, Sir na Madam wamekaa, mimi nimesimama na simu mkononi, nasoma Kiswahili halafu nasema kwa Kiingereza. Nilienda vizuri mpaka kwenye jina langu. Hapo nikasoma harakaharaka. Madam akasema, rudia huo mstari. Nikaurudia. "Kunyamaza alikusudia." Umeandika vizuri, mdogo wangu. Umenichoma vizuri.

Ile habari ya pikapu, Sir aliuliza yule mama alisema nini aliporudi. Nikamwambia mpaka leo anamdai Baba sufuria. Akacheka kidogo.

Anataka uje Jumamosi saa mbili asubuhi na nguo za kazi. Utatoa injini hii na kuweka nyingine, yeye akiwa amesimama hapo, na hiyo hutalipwa. Jumatatu anapeleka karatasi zako za visa. Amesema fundi aliyeandika barua ya pili anamtaka, yule wa barua ya kwanza asimwone tena. Unabaki, Japhet. Nimeimba chooni bomba likiwa wazi.

Mimi sifukuzwi. Lakini Madam amechukua funguo. Amesema si kwa sababu ya injini, injini ni chuma. Ni kwa zile siku zote nilizompikia na kumwangalia usoni huku najua. Amesema mtu wa kuwaendesha watoto wake akikosea lazima aseme siku hiyohiyo. Na mimi ningekuwa na watoto ningesema vilevile. Kuanzia Jumatatu kuna dereva. Nimeziweka funguo mezani, yule mdogo akaniuliza, "Martina, kwa nini huendeshi tena?" Nikamwambia nimechoka.

Sijachoka. Nilitaka uzijue habari zote mbili kwenye karatasi moja, kabla hujafika. Jumamosi ukinikuta mlangoni usinionee huruma, nitalia mbele ya watu. Nisalimie tu, uingie uanze kazi.

Dadako,
Martina